Nani Kazima, Nani Kaweka

Ujumbe wa Bwana Nassor uliingia kwenye kundi la simu la wafanyakazi wa zamani saa mbili asubuhi, nikiwa nimesimama jikoni kwangu Unguja naosha kikombe. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tumempoteza Bi Zuhura wa Kengeja, mfanyakazi mwadilifu aliyeutumikia mradi wetu kwa uaminifu mkubwa. Maziko leo baada ya alasiri." Chini yake zilikwishapangana amin za watu kumi na wawili. Nililisoma neno "mwadilifu" mara tatu, nikahisi kitu ambacho si huzuni. Huzuni ilikuja baadaye, ndani ya ndege. Kilichotangulia ni hasira, tena hasira kongwe, iliyokaa ndani zaidi ya miaka ishirini bila ya kuoza, kama papa mkavu. Mtu aliyemfukuza kazi mama yule kwa barua ya mistari minne, leo anamwita mwadilifu kwa kidole gumba. Nikaanza kuandika jibu kali. Nikalifuta. Nikaandika jengine, nalo nikalifuta. Mwisho nikaandika "Amin", nikawa wa kumi na tatu.

Mimi ni mwandishi wa makala. Nimejijengea jina la mtu asiyeogopa wakubwa. Watu hunisimamisha njiani wakaniambia, "Bwana, weye husemi kwa kuzunguka," nami huwaachia waamini. Sentensi moja tu katika umri wangu ilihitaji ujasiri wa kweli. Ilikuwa na maneno matatu, Aliyeweka ni mimi, na sikuisema pale ilipotakiwa isemwe. Kwa hiyo msomaji akinikuta humu namkaripia Bwana Nassor, na nitamkaripia, ajue kwamba kuna mtu mwengine amekaa kiti cha pili yake, na huyo naye ana zamu yake.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu Dar es Salaam na shahada ya kompyuta na maringo yaliyozidi shahada. Nilirudi Pemba kuajiriwa na mradi mmoja, jina lake nitalihifadhi, uliopewa kazi ya kutia kwenye kompyuta kumbukumbu za vizazi za upande wa kusini wa kisiwa. Ofisi ilikuwa ghorofani katika nyumba ya zamani ya mawe, chumba kirefu chenye madirisha matatu ya mbao, kuta zenye kubanduka chokaa, na rafu zilizojaa madaftari makubwa ya jalada gumu. Aliyeyatunza ni Bi Zuhura, mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja. Madaftari yake hayakupangwa kwa herufi wala kwa mwaka. Aliyapanga kwa njia, kama mtu anavyotembea: unaanza pwani ya Kisiwa Panza, unavuka, unapanda Kengeja nyumba kwa nyumba, mkono wa kulia kwanza, kisha unarudi kwa mkono wa kushoto. Ukimtajia mtoto, hakukuuliza kazaliwa lini. Alikuuliza, "Kwao kisima ukivukapo, au hujakivuka?" Ukishamjibu, alinyanyuka, akavuta daftari, akafungua ukurasa, na mara nyingi ulikuwa ndio huohuo. Mimi niliyemaliza chuo kikuu nilicheka. Niliuita mpangilio wa kienyeji. Nilimwambia kwamba kompyuta ingemfundisha utaratibu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, na programu yake ilikuja ndani ya bahasha kutoka nchi ya mbali, zawadi ya wafadhili. Tatizo ni kwamba programu ile iliandikwa kwa ajili ya mfumo endeshi mwengine, si ule uliokuwa ndani ya mashine yetu. Mifumo hii ni ndugu, lakini kila mmoja una nyumba yake na mila zake. Kila mmoja una saraka zake, yaani vyumba vya kuwekea mafaili: hapa mipangilio, hapa programu zenyewe, hapa data zinazobadilika kila siku, hapa vitu vya muda. Mgeni yule alikuja na mazoea ya kwao. Alitaka kila kitu chake kikae chumba kimoja, na ndani ya mafaili yake, mistari kwa mamia, alikwishaandika majina ya vyumba ambavyo kwetu havikuwapo, au vilikuwapo lakini havikuruhusiwa kuandikwa kitu. Kazi yangu ilikuwa kupita mstari kwa mstari, kila penye njia ya kwao niweke njia ya kwetu, mpaka mgeni ajifunze kuishi ndani ya nyumba hii bila ya kujigonga ukutani. Ni kazi ya subira. Haina sifa. Ukiifanya vizuri hakuna atakayejua kama ulifanya kitu.

Bi Zuhura ndiye mtu pekee aliyewahi kuniuliza nafanya nini na akataka jibu. Tulikuwa tukila mchana, muhogo wa nazi aliokuja nao ndani ya bakuli la maua lililofungwa kwa kitambaa, na kipande cha papa juu yake. Alinikatia fungu langu kwanza, kama alivyofanya kila siku, kwa madai kwamba wasomi hawajui kula wakashiba.

"Hebu nambie, Sele," akasema. "Miezi miwili sasa umekodolea hicho kioo. Hiyo programu yakutakani?"

Nikamweleza habari ya vyumba. Nilianza kwa kiburi, na maneno ya darasani. Akanikatiza.

"Ala! Basi si sawa na nyumba yoyote? Mgeni hukaa barazani. Chakula ki jikoni. Vya ndani vya mwenyewe vi chumbani, na hachungulii ntu. Taka uwani. Kaja mgeni kwao walala barazani na wapika ukumbini, na weye wamfundisha."

"Ndivyo, Bi Zuhura."

"Na hicho ulichokiita cha muda?"

"Ni saraka ya kutupia kitu unachokihitaji sasa hivi, kisha huna haja nacho. Yeyote anaruhusiwa kuweka. Haina mwenyewe."

Akatafuna kidogo. "Kama jamvi la shughulini. Kila ntu atupa mkoba wake hapo. Miye hapo siweki hata kandambili." Akaniongeza muhogo. "Kula. Umekonda kama kijiti cha mshikaki."

Mazungumzo yale nimeyarudia moyoni mara nyingi kuliko aya nyingi ninazozijua. Alinipa somo zima la fani yangu kwa matonge manne, na mimi nikalichukulia kuwa ni mazungumzo ya chakula.

Bwana Nassor, mkuu wa mradi, alikuwa akija kutoka Unguja kila baada ya wiki mbili. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, sauti kama ya mtangazaji wa redio. Alikuwa na tabia ya kumrekebisha Bi Zuhura kila alipotamka neno kwa lahaja ya kwao. "Mtu, Bi Zuhura. Si ntu. Mtu." Yeye hujibu, "Naam, bwana, ntu," na kuendelea na kazi. Siku moja, ikiwa kazi yangu imefika kama robo tatu, Bwana Nassor alipanda ngazi akasema mgeni rasmi atakuja kuizindua mashine Jumamosi. Ilikuwa Jumatano. Nikamwambia programu haijawa tayari. Inafunguka, inapokea majina, lakini ikitaka kuyahifadhi mfumo unaikatalia, kwa sababu chumba cha data bado sijakipanga sawasawa na ruhusa zake. Nilihitaji wiki mbili kupita kila faili.

"Wewe ni mtaalamu au si mtaalamu?" akaniuliza mbele ya watu.

Kijana wa miaka ishirini na nne akiulizwa swali hilo mbele ya watu hana akili ya kulijibu. Ijumaa, baada ya kutoka msikitini, nilikaa peke yangu na ile mashine na nikafanya jambo ambalo lilinichukua dakika moja. Katika faili la mipangilio, pale palipoandikwa njia ya kuhifadhia data, nilifuta njia sahihi nikaandika saraka ya muda. Jina lake lina herufi tatu, tmp. Pale kila mtu anaruhusiwa kuandika. Programu ikakubali papo hapo, ikahifadhi jina la kwanza bila ya kulalamika. Nikaandika kwenye kikaratasi, "Hamisha data baada ya uzinduzi," nikakibandika ubavuni mwa kioo. Jumamosi asubuhi aliyekuja kupamba chumba akakibandua, maana kingeonekana kwenye picha.

Sherehe ilifana. Mgeni rasmi aliandika jina la mtoto mmoja, akabonyeza, jina likatokea, watu wakapiga makofi kama waliomwona mtoto mwenyewe akizaliwa. Bwana Nassor alinishika bega akasema, "Huyu ni kijana wetu, zao la hapahapa." Nilivimba kwa furaha hadi nikaona vifungo vya shati vinanibana. Jumatatu nilimfuata kwenye ngazi alipokuwa akiondoka, nikamwambia ukweli, kwa sauti ndogo: data ziko mahali pa muda. Kwenye mfumo ilikotoka programu, mahali pale hapaguswi mpaka uagize. Kwetu hapa hufagiwa pote kila mashine inapowashwa upya. Nilitaka siku chache za kuusimamisha uingizaji ili nimalize kazi na nihamishe.

"Ripoti inakwenda makao makuu kila siku," alisema. "Siwezi kuwaambia tumesimama wiki ya kwanza. Isizimwe, basi. Ikiwa haizimwi, kuna tatizo gani?"

"Hakuna," nikasema. Chini ya ngazi, Mzee Faki, mlinzi wetu, aliyeitwa mzee hata kabla hajaota mvi, alikuwa ameinama akitia maji mabetri manane ya mradi, yale yaliyoifanya mashine isizimike hata umeme ukikatika. Hakunyanyua kichwa. Sisi wote wawili hatukumhesabu kuwa ni mtu aliyekuwapo.

Napenda kusema kwamba Bwana Nassor alinikataza. Nimeisimulia hivyo kwa miaka mingi, na nusu yake ni kweli. Lakini ruhusa za chumba kile ningeweza kuzipanga kidogo kidogo, na kuhama kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Ningeweza kuifanya siku yoyote wakati Bi Zuhura akisali adhuhuri. Sikufanya kwa sababu ya uvivu wa mtu aliyekwisha kusifiwa. Na Bi Zuhura sikumwambia kwa sababu nilishamwambia kazi imekamilika, kila kitu kipo chumbani mwake. Kumwambia ingebidi nikiri kwamba majina anayoyapiga kutwa nzima kwa vidole viwili, kimoja kimoja, nayarundika kwenye jamvi la shughulini.

Akaingiza, kwa wiki kumi na moja. Daftari likimalizika Bwana Nassor aliamuru liondoshwe, kwa kuwa tulikuwa sasa "ofisi isiyo karatasi," maneno aliyoyapenda sana. Bi Zuhura aligombana naye juu ya jambo hilo, mara moja, kwa adabu. "Bwana, nyaraka hazili chakula. Ziacheni zikae." Akajibiwa kwamba mawazo hayo ndiyo yanayotuchelewesha. Yakabebwa kwa gari, sijui wapi. Wiki mbili baadaye nilinunua karanga sokoni, nikafungua ile karatasi ya pembe, na ndani yake, kwa mwandiko wa Bi Zuhura wa wino wa buluu, nikasoma majina ya watoto watatu wa Kisiwa Panza, na la nne limekatwa nusu. Nilikula karanga. Nikajiambia, si kitu, yamo kwenye mashine. Kisiwani kwetu, anayejua anajua, mtu asiyekuwa na kumbukumbu ya kuzaliwa hupigwa danadana kutoka dirisha hadi dirisha maisha yake yote, aonekane mgeni mbele ya nyumba aliyozaliwa. Nililijua hilo, na nikazimaliza karanga.

Nilijiona mtu makini kwa sababu ya nakala za akiba. Kila Alhamisi niliweka diski, nikaendesha amri niliyoiandika mwenyewe, mashine ikajibu "imekamilika," nikaandika tarehe juu ya diski kwa kalamu ya wino mzito. Amri ile ilinakili chumba sahihi cha data, kile nilichokusudia kukitumia tangu mwanzo. Chumba kile kilikuwa kitupu. Kila Alhamisi, kwa uangalifu mkubwa, nilinakili utupu, nikautia tarehe, nikaupanga kabatini.

Ramadhani ikaingia. Tulifunga kazi mapema, alasiri, na Bi Zuhura alikuwa akinifungia sahani ya futari kwa kuwa nilikaa peke yangu: tambi, ndizi mbivu za nazi, kipande cha mkate wa kumimina. Siku mbili kabla ya sikukuu nilimwomba Bwana Nassor ruhusa, nikaenda Unguja. Mzee Faki naye akaenda kwa watoto wake Ole, baada ya kuyajaza mabetri maji. Bi Zuhura akabaki na ufunguo. Na alifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kisiwa chetu hukifanya sikukuu ikikaribia, ambacho mama zetu wote walikifanya, ambacho mimi mwenyewe nikiwa mdogo nilikuwa nikipewa ufagio nikifanye: alitoa kila kitu nje, akafagia, akapiga deki, akapangusa rafu zilizobaki tupu, akafua pazia. Kisha akaifikia mashine, iliyokuwa na vumbi la miezi mitatu. Akaizima kwa utaratibu kama nilivyomfundisha mwenyewe, hatua kwa hatua, bila ya kuruka hata moja. Akaipangusa. Akaifunika kanga mpya, ya doti, aliyoinunua kwa ajili hiyo. Sikukuu ya pili akarudi, akaiwasha ili aone kama imeamka salama. Na mashine, ilipoamka, nayo ikafanya usafi wa sikukuu.

Nilipofika nilimkuta amekaa mbele ya kioo, mikono mapajani. "Sele," alisema, "nambie nnakosea kutazama. Hamna ntoto hata mmoja." Nilizitoa diski zangu moja baada ya moja. Kufikia ya tano nilikuwa nimekwishaelewa, lakini niliendelea mpaka ya kumi na moja, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Alisimama nyuma yangu akinisomea dua.

Kikao kilifanyika katika chumba cha kazi cha Bwana Nassor, chini. Feni, meza yenye kitambaa, soda nne juu ya sinia. Bi Zuhura alikaa ukingoni mwa kiti, buibui limemkaa vizuri, miwani mkononi.

"Bi Zuhura, nani aliizima mashine?"

"Nimeizima miye, bwana. Sikukuu ilikuwa yaja. Nikapangusa vumbi, nikaifunika."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Ya kupangusa?"

Mtu mmoja alicheka. Bwana Nassor hakucheka. Alinigeukia mimi, na macho yake yalinishika kama mtu anayemshika mwenziwe mkono chini ya meza. "Mtaalamu. Programu ilikuwa na kasoro?"

Nilikuwa na muda. Watu hufikiri mambo haya hutokea ghafla, si kweli. Feni ilizunguka, soda zikatoka jasho, mimi nikachagua. "Programu haikuwa na kasoro," nikasema. Na kweli haikuwa nayo.

Bi Zuhura akanigeukia. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mtu anayetafuta jina kwenye daftari na anataka kumsaidia. "Basi nambie weye, Sele, nwanangu. Nilivyozima, nilikosea wapi? Nijue tu."

"Haikutakiwa kuzimwa," nikasema.

"Hukunambia."

Nikainua soda yangu. Bwana Nassor akaandika. Katika kikao kile, na katika barua iliyofuata, na katika ripoti iliyofuata barua, swali lilikuwa nani kazima. Hakuna aliyeuliza nani kaweka. Walikuwapo wawili waliojua jibu, na wote wawili walikunywa soda. Bi Zuhura hakuigusa yake. Alirudi ghorofani, akaichukua kanga yake juu ya mashine, akaikunja, akalichukua bakuli lake la maua, akashuka. Barua ilimfuata nyumbani. Baada ya hapo mitaani walianza kumwita Bi Mfuta. Mama aliyekwenda kutafuta cheti cha mwanawe akarudi mikono mitupu alipita mlangoni kwake makusudi, akasema kwa sauti, "Hapa ndipo kwa Bi Mfuta? Kanfuta nwanangu!" Niliyasikia haya nikiwa barazani kwenye duka la chai, na nikaagiza chapati nyengine.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa hadi lilipokwisha. Alinunua madaftari manne ya kaunta. Alianza pwani ya Kisiwa Panza, akavuka, akapanda Kengeja, mkono wa kulia kwanza. Kwa miguu, na mahali pengine kwa gari za abiria za kupandia nyuma. Nyumba kwa nyumba, kwa njia ile ile aliyokuwa nayo kichwani, alibisha hodi, akasema, "Hapa niliandika watoto watano, nitajieni, kisha niwatajie, tuone tukilingana." Wapo waliomfungia mlango. Wapo waliomwagia maneno. Alirudi kesho yake. Mvua za masika zilimkuta njiani, vuli ikamkuta, na siku moja alipanda ngazi za ofisi, amekonda, ameungua na jua, akayaweka madaftari manne mezani kwangu. Mzee Faki alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake.

"Yatie," alisema. "Nna hakika nayo, ila nyumba tatu wenyewe washahama, nimeziwekea alama." Akafunga miwani. "Na mara hii, Sele, viweke chumbani. Usiviweke jamvini."

Nilitazama meza. Nikamsikia akishuka ngazi, polepole, mguu mmoja mmoja.

Niliyatia. Safari hii nilifanya kazi yangu kama ilivyotakiwa ifanywe: nilipita faili baada ya faili, kila njia nikaiweka panapostahiki, nikaizima mashine na kuiwasha mara saba kwa makusudi, nikahesabu watoto kila mara. Hawakupungua. Madaftari yake yalirudi rafuni, yeye hakurudi. Niliandika barua mbili za kuomba arudishwe, nikaziacha kwenye droo hadi nilipohama. Bwana Nassor akaandika kwamba mfumo "umeokolewa na mtaalamu wetu mzalendo." Nikapewa cheti chenye fremu. Kwa cheti hicho nikapelekwa masomoni, na kutoka huko nikatoka mwandishi anayewafundisha watu uwajibikaji.

Nilifika Kengeja maiti ikiwa inatolewa ndani. Ofisi yetu ya zamani ilimtuma kijana mmoja nadhifu, mwenye kitambulisho shingoni. Alinipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee. Nimefurahi kukuona. Sisi tunafundishwa kwamba wewe ndiye uliyeokoa kumbukumbu za kusini." Nikasema marahaba. Mimi niliyeshindwa kumjibu Bwana Nassor asubuhi kwa simu, alasiri nilishindwa kumjibu kijana huyu uso kwa uso, na hasira niliyokuja nayo, niliyoilisha njia nzima ndani ya ndege, ikawa inatafuta pa kukaa na kila ikigeuka inanikuta mimi.

Baada ya sala, jeneza likiwa mbele yetu, shehe aligeuka kama ilivyo ada. "Enyi Waislamu, mnamjuaje marehemu?" Watu wakasema kwa pamoja, "Mtu mwema." Akauliza mara ya pili. Wakasema. Kabla ya ya tatu nilisikia sauti, nikaijua kuwa ni yangu, nyembamba, ya kijana wa miaka ishirini na nne.

"Hakufuta yeye," nikasema. "Majina yale. Aliyeweka ni mimi. Mimi niliyaweka pasipo pahala pake, nikajua, nikanyamaza, akafukuzwa yeye."

Kijana wa ofisini alinitazama mdomo wazi. Nilingoja mtu anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nadhani nilikuwa nikitamani, maana ndiyo zawadi ya mwisho anayoitarajia mtu anayeungama. Katika safu ya mbele mzee mmoja mwenye mkongojo aligeuka. Ilinichukua muda kumjua Mzee Faki, kwa kuwa sasa mvi alikuwa nazo.

"Hilo twalijua, Sele," alisema, bila ya ukali. "Toka mwaka ule ule. Hata yeye nilimwambia miye. Shehe, endelea, jua lashuka."

Shehe akauliza mara ya tatu. "Mtu mwema," wakasema, na safari hii nilisema pamoja nao. Jeneza likanyanyuliwa. Kwetu hulibebi peke yako mwanzo mpaka mwisho. Watu hupokezana, kila mmoja apate thawabu yake. Nilijisukuma nikaingiza bega chini ya mti wa jeneza. Alikuwa mwepesi. Nilipiga hatua tano, labda sita, kisha mtu nyuma yangu akanigonga mgongoni, nipishe.